Mtoto wa Kumi na Mbili wa Bwana Mashamba

Kuna mtu mmoja aliyekufa zamani sana huko Marekani, nami namdharau kuliko mtu yeyote aliye hai, na walio hai ninaowadharau si wachache. Aliishi enzi zile Marekani ilipokuwa bado koloni la mfalme wa Uingereza. Alikuwa na ardhi ambayo mtu angeizunguka kwa farasi siku mbili bila kukanyaga ya jirani. Jina lake sitaliandika. Limeandikwa vya kutosha: kwenye daraja, kwenye ukuta wa kanisa, na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu wasiohesabika waliopewa jina lilelile kana kwamba majina yalikuwa yamekwisha duniani. Mimi nilimwita Bwana Mashamba, kimoyomoyo, na hapa nitamwita hivyohivyo.

Nilifahamiana naye The Pearl, mtaa wa matajiri mjini Doha, Qatar, ghorofa ya tisa, kwenye nyumba yenye dirisha linalotazama mashua nyeupe ambazo sikuwahi kuona zikienda popote. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mzee Mmarekani anayekaribia miaka tisini. Zamani alikuwa injinia wa mabomba, akaja Ghuba na mkewe, mkewe akafa, naye akabaki kwa binti yake. Huyo binti nilimwita Madam, maana ndivyo sote tunavyowaita Doha, awe Mwarabu, Mzungu au Mhindi. Yeye alikuwa bosi kwenye ofisi fulani ya vioo, na ndiye aliyekuwa mwajiri wangu kwenye karatasi.

Mzee alikuwa kitukuu wa kitukuu wa Bwana Mashamba, na kwa miaka arobaini alikuwa akikusanya habari zake: barua, shajara, hati za mashamba, wosia, vyote nakala, vimejaa masanduku saba chini ya kitanda. Macho yalipomwishia, akabaki na masanduku asiyoweza kuyasoma. Basi kila asubuhi, nikishamnywesha uji wa shayiri na kumtia dawa ya macho, nilikuwa nikimsomea mpaka adhana ya adhuhuri. Mimi, msichana niliyemaliza kidato cha nne na D ya juu, nikamjua Bwana Mashamba kuliko ninavyomjua babu yangu mzaa baba.

Lakini msinionee huruma kwa ile D. Chuo kikuu nilisoma, ila kilikuwa saiba, duka la kompyuta na uchapaji. Kabla ya kuja Qatar nilifanya kazi miaka mitatu kwenye saiba moja mjini kwetu, mkabala na mochari ya hospitali, na kazi yetu kubwa ilikuwa kupiga chapa programu za mazishi. Familia inakuja na karatasi imekunjwa mara nane, mimi naigeuza kuwa wasifu wa marehemu, na picha yake juu akiwa amevaa suti ya kuazima. Pale ndipo nilipojifunza kusoma. “Alikuwa mtu wa watu,” maana yake alikuwa mlevi. “Alikuwa mtu wa msimamo,” maana yake mkewe alijua uzito wa mkono wake. “Alijitolea kwa jamii,” maana yake aligombea udiwani akaanguka mara tatu. Na sehemu ya mwisho, “Amewaacha,” ndiyo iliyokuwa ikileta vita. Ndugu wakishalipia na kuondoka, unamwona mama fulani anaingia polepole, ameshika mkono wa mtoto na kadi ya kliniki, anasema, “Huyu naye ni wake.”

Mama mwenye saiba alikuwa na sheria moja, na hakuwahi kuipindisha hata kwa mchungaji. “Sisi hatuzai, tunapiga chapa tu,” alituambia. “Mtoto akiletwa kaunta, anaandikwa. Anayetaka atoke, aje amfute kwa mkono wake mwenyewe.” Wengi walikuja wakiwaka moto, wakaketi mbele ya kompyuta, wakautazama ule mstari, wakaondoka bila kugusa kitu. Wengine walifuta. Hao nawakumbuka sura.

Sasa mtu mwenye elimu hiyo ukimpa maisha ya Bwana Mashamba, unatarajia nini?

Tuanze na ardhi. Sehemu kubwa aliipata kwa wenyeji wa pale, watu waliokuwapo kabla ya meli. Hati ilikuwapo kwenye sanduku la pili. Chini, mahali pa sahihi, mkuu wa wenyeji alikuwa amechora kasa mdogo, miguu minne na mkia. Kwa kasa huyo Bwana Mashamba alichukua mto mzima na misitu ya pande zote mbili, akatoa mablanketi, sufuria na vioo vya kujitazamia. Mzee alipenda niielezee ile picha ya kasa, aliiona ya kupendeza. Mimi nilimwambia kwetu pia tuna hadithi kama hiyo, ila sisi hata sufuria hatukupewa. Alicheka mpaka nikampigapiga mgongo.

Halafu utumishi kwa umma. Lo, huyo mtu alitumikia! Alikuwa hakimu wa mtaa, akihukumu wezi wa nguruwe, na nguruwe wengi walikuwa wake. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kiti cha mbele chenye mlango wake na kitasa, asije mnyonge akamkalia karibu. Alikuwa kanali wa mgambo ambao, kwa kadiri nilivyosoma, adui wao mkubwa alikuwa matope. Na alikuwa mheshimiwa katika baraza la kutunga sheria la koloni. Kura zenyewe zilipigwa hivi: wenye mashamba tu ndio walioruhusiwa, na kila mmoja alisimama mbele ya wagombea akataja kwa sauti anampa nani, na mheshimiwa mtarajiwa akainama kumshukuru, huku mapipa ya pombe yakiwa yamefunguliwa uani. Niliposoma hapo nilihisi niko nyumbani kabisa. Nilitafuta mahali alipogawa unga na fulana, nikakosa, nadhani karatasi ilipotea.

Alikaa kwenye baraza hilo miaka mingi, na barua zake zote za wakati huo zinazungumzia uhuru. Jinsi mfalme anavyowaonea. Jinsi walivyofanywa watumwa kwa ushuru. Neno hilohilo, watumwa, kwa mwandiko mzuri wa mikunjo, na karatasi inayofuata ni tangazo alilolipeleka gazetini: ametoroka mwanamke, mpishi, mrefu, ana kovu la moto mkono wa kushoto, hucheka anaposemeshwa, atakayemrudisha atapewa zawadi.

Sisi Doha tunayajua matangazo hayo. Yanapita kwenye makundi ya simu: picha ya pasipoti, uso mkavu, “Ametoroka, atakayemwona apige namba hii.” Nimewahi kuyaona mawili, moja la msichana tuliyepanga naye foleni ya kupima damu. Mzee aliuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia mwandiko ni mbaya.

Mpishi alirudishwa. Hilo lilikuwa kwenye shajara, mstari mmoja, kati ya homa ya ng’ombe na bei ya tumbaku.

Kwenye mambo ya familia ndiyo usiseme. Alioa mara tatu. Mke wa kwanza alimzalia watoto saba na akafa na wa nane tumboni. Siku hiyo Bwana aliandika: mke wangu amefariki alfajiri, mvua kidogo, tumbaku ya shamba la chini imekwisha kupandwa. Basi. Nilirudia ukurasa huo mara mbili nikidhani nimeruka kitu. Miezi minne baadaye akamwoa mjane wa jirani ambaye shamba lake lilipakana na lake. Mashamba yalioana, wao wawili walisindikiza tu. Huyu akazaa wanne. Wa tatu alikuwa binamu yake, hakuzaa, na kwenye barua zake anaonekana alikuwa mwanamke pekee mwenye akili nyumba nzima, kwa sababu alikuwa akilala chumba kingine akisingizia kipandauso. Watoto wa kiume walipewa mashamba, wakayacheza kamari. Wa kike walipewa watu.

Namaanisha hivyo ninavyosema. Ilikuwa kwenye wosia, sanduku la tano. “Kwa binti yangu mkubwa namwachia mpishi, pamoja na watoto atakaowazaa siku za usoni.” Watoto ambao hawajazaliwa, yeye tayari amewagawa. Na mistari michache chini yake: “Na yule msichana wa mpishi, mwenye rangi ya maji ya kunde, aachwe huru afikishapo miaka ishirini na mmoja, afundishwe kusoma, apewe kipande cha ardhi kando ya kijito, kwa sababu ninazozijua mwenyewe.”

Kwa sababu ninazozijua mwenyewe! Nilicheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Laiti ungekuwa kwenye ile saiba ungecheka nami.

“Kuna nini?” Mzee akauliza.

“Nimepaliwa, Mzee.”

“Ruka hiyo aya. Twende kwenye kinu cha maji, kinu kinapendeza.”

Tukaenda kwenye kinu.

Nataka ieleweke kwamba Mzee nilimpenda. Alikuwa akiimba nikimwogesha, nyimbo za kanisani kwao, sauti mbovu kama mlango. Alikuwa akiniuliza kila siku kama nimekula, na nikisema ndiyo anauliza nimekula nini. Dharau yangu haikumgusa yeye, au ilimgusa kidogo tu, penye ncha.

Nami nilikuwa na ndoto yangu, na hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye matata. Nataka siku moja nifungue nyumba ya wazee mjini kwetu. Si hospitali, nyumba: yenye baraza pana, bafu zenye vyuma vya kushikilia, na jikoni ambako mzee akitaka kumenya viazi anaachwa amenye. Kwetu mzee akishindwa kutembea anawekwa jiko la nje na kuku. Ramani ya nyumba hiyo niliichora nyuma ya boksi la shayiri na bado ninayo. Rafiki yangu mmoja, nesi Mkenya tunayesali naye kwenye makanisa ya Mesaimeer, alikuwa amenitafutia kozi ya utunzaji wa wazee, alasiri mbili kwa wiki, yenye cheti kinachotambulika. Ada nilikuwa nimeshaiweka. Kilichobaki ni barua ya mwajiri ya kuniruhusu, ukurasa mmoja, ambayo niliichapa mwenyewe nikaacha tu nafasi ya sahihi ya Madam. Bila hiyo hawakupokei. Usajili ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi.

Nilipompelekea Madam, alikuwa akitafuta chaja.

“Baada ya sherehe ya kuzaliwa ya Baba,” alisema. “Nikumbushe. Na nina kazi ya kukupa. Nataka kurasa tatu juu ya yule babu yetu, tuziweke kwenye kila sahani siku ya chakula cha mchana. Zawadi kwa Baba. Amenisimulia habari hizo tangu nina miaka mitano na sijawahi kusikiliza. Wewe umesikiliza.”

“Niandike vipi, Madam?”

“Kwa urahisi tu. Maisha yake, familia, kazi zake. Unavyojua.”

Nilivyojua! Nilijua njia moja tu ya kuandika maisha ya mtu, nikaiandika hiyo. Kuzaliwa na ukoo. Elimu. Ndoa. Utumishi kwa umma. Maisha ya kanisa. Nilifurahi siku tatu za kuandika kama mtoto kwenye mchanga. Niliandika kwamba alipenda ardhi. Niliandika kwamba alikuwa mkarimu nyakati za uchaguzi. Niliandika kwamba majirani hawakumsahau. Mtu wa saiba angeanguka kicheko kila mstari, na mtu wa The Pearl angesema, ah, jamani, vizuri sana. Mwisho nikaandika “Amewaacha,” nikapanga watoto kwa umri wao. Saba wa mke wa kwanza. Wanne wa mke wa pili. Na wa kumi na mbili: binti, ambaye mama yake alikuwa mpishi wa nyumba.

Sikuwa nimekusudia vita. Vidole vilifanya kazi yake. Mtoto alikuwa ameletwa kaunta, nikamwandika.

Nilimsomea Mzee kwanza. Alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa mapigo, mpaka mwisho, akainua kidole.

“Huyo wa mwisho. Hakuna ushahidi.”

“Ushahidi wa nini, Mzee?”

“Kwamba ni wake.”

“Wosia.”

“Wosia hausemi hivyo.”

“Amempa ardhi, Mzee. Huyu bwana maisha yake yote hakuwahi kumpa ardhi mtu asiyekuwa damu yake. Kanisa lenyewe aliliuzia kiwanja.”

Kisha akacheka kidogo, kwa pua. “Mwulize binti yangu,” akasema.

Nilimdharau hapo, dakika nzima. Kasa aliyechorwa na mtu asiyejua anachotia sahihi alikuwa ushahidi wa kutosha kwa mto na misitu yake. Ila msichana aliyetajwa kwenye wosia kwa rangi yake, akapewa uhuru na kijito, yeye aje na mashahidi wawili na picha.

Ijumaa hiyo, maana Doha ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, nilikwenda Mesaimeer kama kawaida. Baada ya ibada, mimi na rafiki yangu nesi tulikaa kwenye kipande cha kivuli kando ya ukuta, na chapati alizokuja nazo kwenye kitambaa.

“Bado unamzika Mzungu wako?” aliniuliza.

“Namzika vizuri. Nimemwandikia hadi watoto wote.”

“Wote wote?”

Nikamsimulia. Akaiweka chapati chini.

“Wewe msichana. Barua imesainiwa?”

“Bado.”

“Basi mtoe huyo mtoto leo leo.”

“Nimtoeje sasa?”

“Kwa kidole! Amekufa, na mama yake amekufa, na baba mtu amekufa, na farasi wao. Wewe ndiye uko hai na unataka kusoma. Usituletee mambo ya saiba hapa Doha.”

“Ungekuwa wewe ungemtoa?”

“Mimi? Mimi ningemtoa hata marehemu mwenyewe, nibaki na picha.”

Tulicheka mpaka kina mama wa mbele wakageuka. Kisha akanishika goti. “Nakwambia kama dada yako mkubwa. Usajili unafungwa. Hawa watu hawana shida na mtoto huyo, hawamjui. Shida ni yako.”

Nilirudi nikiwa nimeamua kumtoa. Nilifungua kompyuta ile jioni, nikaufikia mstari. Nikaketi. Nikanywa maji. Nikajiambia, kesho.

Kesho hiyo ikapita, na Jumatatu jioni Madam alizisoma kurasa zile akiwa amesimama jikoni, na viatu vya ofisini miguuni. Alifurahi. Alisema imejaa upendo. Alirudia kwa sauti, “Mkarimu nyakati za uchaguzi,” akaniambia nina kipaji. Akafika mwisho.

“Huyu ni nani?”

“Mtoto wa mwisho, Madam. Yumo kwenye wosia.”

“Baba anajua?”

“Amesema nikuulize wewe.”

Alisoma tena ule mstari. Hakukasirika, lazima niseme ukweli. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona unywele kwenye supu ya hotelini. “Hii ni siku ya kuzaliwa,” alisema. “Si mahali pake. Mtoe, kisha tuchapishe. Na barua yako nitasaini Jumapili, nimekumbuka.”

Nikaitikia. Nikaivuta kompyuta. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa tabasamu, “Madam, kwetu anayemtoa mtoto humtoa mwenyewe.” Nikaigeuza kompyuta kumwelekea.

Alidhani ni mila ya kabila letu, akatabasamu kwa adabu. Wanapenda mila. Simu ikiwa mkono mmoja, akainama, akabonyeza kwa mkono wa pili, mstari ukaondoka. Akasahihisha na mkato mmoja hapo juu. Sekunde tano. Nilikuwa nimewaona wanaume wakatili wakitoka jasho mbele ya mstari kama huo, watu waliopiga wake zao, na wakashindwa. Huyu alikuwa mwanamke mpole, aliyeninunulia mafuta ya jua na kunikumbusha kuyapaka, naye alimfuta kama mtu anayepangusa makombo mezani.

“Na utasoma wewe siku hiyo,” alisema akiondoka. “Baba anaipenda sauti yako.”

Wageni wa Jumamosi walikuwa tisa. Mpwa wa Mzee na mkewe walikuwa wametoka Marekani, waliobaki ni marafiki wa Madam wa ofisini na majirani. Kulikuwa na samaki wa pinki, saladi za aina nne, na sinia kubwa la machbusi, wali wa Kiarabu wa nyama ya mbuzi, walilolipiga picha kabla ya kulila. Kwenye kila sahani kurasa tatu zimefungwa utepe wa kijani. Mzee alivaa tai. Nilimfunga mimi.

Nilisimama karibu na dirisha, nikasoma. Kwetu wasifu unaposomwa watu huinamisha vichwa, na watoto wakitajwa husimama mmoja mmoja waonekane. Hawa walikula. Walipiga makofi kwenye kanali wa mgambo. Mpwa, ambaye naye ana jina lile la babu yao, alipiga meza kwenye mapipa ya pombe akasema, “Huyo ndiye sisi!” Nami nilikuwa nimeshaamua, nawaapia. Nilikuwa nimeota ile barua usiku kucha. Ningesoma kumi na moja, niseme hongera Mzee, nikatoe sahani.

Ila mimi nimesoma wasifu wa watu wengi. Kuna namna sauti inavyopanda mtoto kwa mtoto, kisha kwa kitinda mimba inashuka, ndipo watu wanajua wamekwisha. Kichwani mwangu wa kumi na moja hakuwa kitinda mimba. Nilimfikia, sauti ikabaki juu, imening’inia, kila kitu kimening’inia, na mdomo wangu ukaenda kutafuta pa kushukia. “Na wa kumi na mbili, binti, ambaye mama yake alikuwa mpishi wa nyumba.”

Ikashuka vizuri sana.

Nikangoja.

“Hii sosi ina njugu?” mke wa mpwa akauliza.

Mtu akamjibu haina. Mwingine akasema afadhali aulize mpishi. Sinia likapita. Hawakusikia. Watu tisa, wameshika karatasi mikononi, mtoto mzima ameingia mezani, na wao wanauliza njugu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa aibu, hata kwa machozi ya mtu. Sikuwa nimejiandaa kwa saladi. Nikawaza, kumbe hata kumficha hawakuwa na haja ya kumficha. Wangemwacha tu kwenye karatasi wala wasingemwona.

Wawili tu walisikia. Madam aliweka uma chini, polepole, sambamba na kisu. Na Mzee aligeuza sikio kunielekea, akainua glasi yake kidogo, akaitabasamia taa.

Baadaye mpwa alinifuata nikikusanya vyombo, uso mwekundu kwa divai. “Umesoma vizuri sana,” alisema. “Alikuwa mtu mkubwa, eh?”

“Mkubwa sana, bwana,” nikamwambia. “Alichukua nafasi nyingi.”

Akanishukuru kwa moyo wote.

Jumapili asubuhi nilimkumbusha Madam, maana alikuwa ameniambia nimkumbushe. Barua nilikuwa nayo, na kalamu. Alikuwa mlangoni, mkoba begani, akitafuta funguo kwenye bakuli.

“Nimefikiri,” alisema. “Tungoje kwanza. Baba anazidi kuzeeka, nataka akili yako iwe hapa. Labda mwakani.”

“Usajili unafungwa wiki hii, Madam.”

“Zitakuwapo kozi nyingine.”

Nilikuwa bado natabasamu, huo ndio uso wangu, sijui kuvaa mwingine. “Ni kwa sababu ya yule msichana, Madam?”

“Msichana gani?” aliuliza. Akaziona funguo, akazichukua, akaniambia nisisahau dawa ya macho ya saa nne, akaondoka.

Mpaka leo sijui kama alikuwa akijifanya. Nimelichunguza neno hilo kama nilivyokuwa nikichunguza karatasi za saiba, kushoto na kulia, nikitafuta aliyefichwa nyuma yake. Wakati mwingine naona hasira. Wakati mwingine naona kwamba kweli alikuwa ameshasahau, na hapo ndipo dharau yangu inapokosa pa kukaa, inazunguka tu. Aliyemtangaza mpishi gazetini angalau aliandika kovu liko mkono upi.

Nilimtia Mzee dawa ya saa nne. Kisha nikakaa kwenye kompyuta nikaandika notisi ya kuacha kazi, ukurasa mmoja, lugha safi, pambizo sawasawa. Kozi ilinipita mwaka huo. Rafiki yangu nesi hakunisemesha wiki mbili, halafu akanitafutia kitanda Al Rayyan, kwenye chumba cha wasichana wanne, na kazi kwa bibi mmoja wa Kiqatari ambaye hana habari na mababu zake ila na ngamia wake. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Siku ile ilikuwa pia siku ya kucha. Nilimwekea Mzee miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nikaketi sakafuni, nikauchukua wa kulia mapajani. Nilimwambia nikiwa nakata, ili nisimtazame. Nikamwambia ninaondoka mwisho wa notisi, na sababu yake, yote, hadi ile ya “Msichana gani.”

Nilisikia akivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, mara mbili, na mara zote mbili akaiachia. Nikamaliza kidole cha mwisho, nikaufuta mguu kwa taulo, nikaushusha chini.

Akanipa mguu wa pili.